Tuzo ya Hart 2025: Hellebuyck, Draisaitl au Kucherov? Tuwekane sawa

MwanaKigoma, 18 Aprili 2025

Wakuu, habari za leo. Msimu wa kawaida wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Kanada na Marekani, umefungwa jana usiku na kesho mtoano unaanza. Waandishi wa hoki wanapeleka kura zao sasa hivi, kabla ya mtoano, kwa hiyo chochote kitakachotokea kuanzia kesho hakimo kwenye hesabu ya tuzo hii. Nataka tulijadili sasa, vichwa bado vimetulia.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: Hart ni ya Connor Hellebuyck, kipa wa Winnipeg Jets. Ndiyo, naishi Winnipeg, mwaka wa tisa huu. Lakini nisomeni hadi mwisho.

Mechi 63, ushindi 47. Rekodi ya kipa kushinda mechi nyingi ndani ya msimu mmoja ni 48, kwa hiyo amebakiza moja tu. Wastani wa kufungwa ni mabao 2.00 kwa mechi. Amemaliza mechi 8 bila kuruhusu bao. Amedaka asilimia 92.5 ya michomo, wakati wastani wa makipa wa ligi uko karibu na 90. Mtu ataona ni tofauti ya asilimia mbili na nusu tu. Sasa piga hesabu: amechomewa zaidi ya mara 1600. Mpe kazi hiyo kipa wa kawaida, anakuachia mabao kama 40 zaidi. Nitajieni mshambuliaji ambaye ukimtoa na kumweka wa kawaida unapungukiwa mabao 40.

Jets wamemaliza na pointi 116, wa kwanza ligi nzima, jambo ambalo klabu hii haijawahi kulifanya. Walianza msimu kwa kushinda 15 katika mechi 16 za mwanzo, na hakuna timu nyingine iliyowahi kuanza hivyo.

Msimu huu nimekwenda uwanjani mara moja tu, tiketi za juu kabisa karibu na paa. Ukiwa kule juu unaona kitu ambacho runinga haikuonyeshi. Mchezaji anainua gongo kuchoma, Hellebuyck keshafika. Harukiruki, hajitupi. Anasogea hatua moja, kisahani (ndio mpira wa hoki) kinampiga kifuani na kinafia hapo hapo, anakifunika kwa glovu, refa anapuliza. Mwanangu wa miaka kumi aliniuliza, "Baba, mbona wanamchomea mwilini tu?" Hawamchomei mwilini. Mwili wake ndio unakuwa umeshafika pale wanapochomea.

Karibuni.

Binti_Ngamiani, 18 Aprili 2025

Kaka MwanaKigoma, umeandika vizuri na takwimu zako sizipingi. Mimi niko Edmonton, na kura yangu ni ya mshambuliaji wetu Leon Draisaitl.

Mabao 52 na pasi za mabao 54, jumla pointi 106 katika mechi 71. Kakosa mechi 11 na bado hakuna mtu ligi nzima aliyemfikia kwa mabao. Kati ya hayo 52, mabao 11 ndiyo yaliyoamua mechi, na hapo pia hana mwenzake. Nyota mwenzake McDavid kakosa mechi 15 mwaka huu. Nani alishika usukani? Na tuseme ukweli: Winnipeg nyuma ina Hellebuyck, sisi nyuma tuna Skinner aliyedaka chini ya asilimia 90. Leon analazimika kufunga mabao matatu ili tushinde mechi ambayo Jets wangeshinda kwa moja.

Halafu kipa ana tuzo yake. Inaitwa Vezina na Hellebuyck ataichukua, hakuna anayebisha. Kwa nini mtu mmoja abebe zote mbili?

Mgeni_Hoki, 19 Aprili 2025

Samahanini wakubwa, mimi mpira wangu ni wa miguu. Hart ndiyo ile ya mchezaji bora wa ligi?

MwanaKigoma, 19 Aprili 2025

Karibu sana ndugu. Swali lako ndilo kiini cha ubishi wote huu. Hart si ya mchezaji bora. Maneno yake ni mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi *kwa timu yake*. Wanaopiga kura ni waandishi: kila mmoja anaandika majina matano kwa mpangilio, wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 7, halafu 5, 3 na 1.

Ya mchezaji aliyetia fora ni nyingine, Ted Lindsay, na hiyo wanapigiana kura wachezaji wenyewe. Vezina ya makipa inapigiwa kura na mameneja wakuu wa timu 32. Art Ross na Rocket Richard hazina kura kabisa: aliyeongoza kwa pointi anachukua ya kwanza, aliyeongoza kwa mabao anachukua ya pili.

Dada Binti_Ngamiani, hoja yako ya "kipa ana yake" naijibu hapo hapo. Rocket Richard keshaichukua Draisaitl, Art Ross keshaichukua Kucherov. Washambuliaji nao wana zao, tena zisizohitaji kubembeleza mtu kura. Mabeki wana Norris, na bado Bobby Orr alichukua Hart mara tatu mfululizo, 1970 hadi 1972, na Chris Pronger alichukua Norris na Hart pamoja mwaka 2000. Hakuna aliyewaambia wachague moja. Kwa nini kipa peke yake ndiye aambiwe "wewe kwako kule"?

Barafu254, 19 Aprili 2025

Salamu kutoka Nairobi. Niwakumbushe kuna mtu anaitwa Nathan MacKinnon, mshambuliaji wa Colorado. Pointi 116 mwaka huu, na Hart ya mwaka jana iko kabatini kwake. Sisi tunaoteleza kwenye barafu ya Hoteli ya Panari tuna sababu zetu za kumpenda: mwaka 2018 vijana wetu wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, walipopelekwa Kanada, yeye na nyota mwenzake wa NHL Sidney Crosby walivaa jezi moja nao wakacheza upande wao. Vijana ambao hawakuwahi kuwa na timu ya kupambana nayo nyumbani, siku hiyo wanapokea pasi kutoka kwa Crosby. Siwezi kusahau.

Lakini kwa haki, mwaka huu ni Nikita Kucherov, mshambuliaji wa Tampa Bay. Pointi 121, wa kwanza ligi nzima kwa mara ya tatu baada ya 2019 na 2024. Mwaka jana alipata 144, zikiwemo pasi za mabao 100, na Hart akanyimwa. Mtu anaongoza ligi miaka miwili mfululizo, na bado tunamuuliza thamani yake iko wapi?

BabaFuraha, 20 Aprili 2025

Wandugu, mimi ni mzee wa Lubumbashi, niko Montreal tangu zamani. Ubishi wa kipa na mshambuliaji kwenye Hart si mpya, mimi niliuishi.

2002. Kipa wetu José Théodore na Jarome Iginla wa Calgary. Iginla alikuwa na mabao 52, akaongoza ligi kwa mabao na kwa pointi, 96. Baba yake ni Mnigeria, na jina lenyewe kwa Kiyoruba ni mti mkubwa. Sisi Waafrika wa hapa tulipasuka katikati: moyo mmoja kwa timu ya mji wetu, moyo mwingine kwa mtoto wetu. Kura zilipohesabiwa wote walikuwa na pointi 434. Sawasawa kabisa! Wakaangalia nani kawekwa wa kwanza mara nyingi: Théodore 26, Iginla 23. Hart ikabaki Montreal.

Nilifurahi na nilihuzunika siku moja. Calgary hawakuingia mtoano mwaka ule, na wengi walisema ndiyo iliyommaliza Iginla: thamani gani kama timu imebaki nyumbani? Lakini tazameni 1954. Al Rollins, kipa wa Chicago, alipewa Hart timu yake ikiwa ya mwisho kabisa, imeshinda mechi 12 katika 70. Alifungwa na kufungwa, na bado waandishi walisema bila yeye ingekuwa vibaya zaidi.

Makipa waliowahi kuipata tangu tuzo ianze miaka ya 1920 hawafiki hata kumi. Worters, Rayner, Rollins, Plante, Hasek mara mbili, Théodore, halafu Carey Price wetu 2015. Wamekwisha.

Sasa MwanaKigoma nakuuliza, mwanangu. Wewe unamtetea kipa kwenye Hart. Kwenye Calder ya wachezaji wapya je? Dustin Wolf wa Calgary ni kipa. Utamtetea naye, au utampa Lane Hutson wetu?

MwanaKigoma, 20 Aprili 2025

Shikamoo mzee. Swali zuri na lina mtego. Nimelala nalo.

Timu zilipogawana vijana wapya mwaka 2019, Wolf kachaguliwa wa 214 kati ya 217 kwa sababu waliona ni mfupi mno kukaa langoni. Mwaka huu kashinda mechi 29, na Calgary wamemaliza na pointi 96, sawa na St. Louis walioingia mtoano kwa kuwazidi ushindi wa ndani ya dakika 60. Kama Calder ingeuliza "nani wa thamani kwa timu yake," ningempa Wolf bila kufikiri.

Lakini Calder haiulizi hivyo. Inauliza nani mchezaji mpya aliye mahiri kuliko wote. Hutson ni beki, ana pasi za mabao 60. Idadi hiyo kwa beki wa mwaka wa kwanza ilifikiwa mara moja tu kabla yake, na Larry Murphy, msimu wa 1980-81. Jumla pointi 66, kuliko mchezaji mpya yeyote. Kwa Calder namchagua Hutson. Huo si ukigeugeu, mzee. Kila tuzo ina swali lake, na shida yetu ni kujibu swali la tuzo moja kwa jibu la nyingine.

Ndugu Barafu254, Kucherov naye namwona hivyo hivyo. Mkiniuliza mchezaji gani katia fora, sina ugomvi nanyi, mpeni Ted Lindsay. Mkiniuliza timu gani ingeporomoka ukimtoa mtu mmoja, narudi Winnipeg.

Binti_Ngamiani, 20 Aprili 2025

Norris ni Makar, tusipoteze muda hapo. Beki mwenye mabao 30, wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Mike Green 2008-09. Turudi kwenye Hart.

Barafu254, 1 Mei 2025

Wachezaji wenyewe wamekwisha sema. Watatu waliobaki Ted Lindsay ni Kucherov, MacKinnon na Makar. Hellebuyck hayumo! Wanaomchomea kila usiku hawakumtaja. Utasemaje ndugu?

MwanaKigoma, 1 Mei 2025

Nitasema hata Draisaitl hayumo, na hiyo haimfanyi kuwa mchezaji wa kawaida.

Wachezaji huwapa makipa kura mara chache, lakini huwapa. 1981 waandishi walimpa Gretzky Hart, na wachezaji wakampa tuzo yao Mike Liut, kipa wa St. Louis. Hasek waliwahi kumpa mara mbili, Price mara moja. Kwa hiyo kura zao naziheshimu. Inauma kidogo, sikatai. Ila zinajibu swali lao.

Binti_Ngamiani, 3 Mei 2025

Kaka, sitaki kukutonesha kidonda, lakini lazima tuseme. Jana St. Louis wamemchomea Hellebuyck hadi ametolewa nje. Mara ya tatu katika mechi sita! Mechi ya tatu, ya nne na ya sita, zote za ugenini, zote kaishia benchi. Thamani kubwa kwa timu, na kocha anamtoa timu inapomhitaji kuliko wakati wowote?

MwanaKigoma, 3 Mei 2025

Nimeona. Mechi ya jana niliitazama kazini, wenzangu wakinitazama mimi badala ya runinga.

Sitajificha. Amecheza vibaya St. Louis, na kuna bao alilofungwa lililokuwa jepesi ambalo Januari asingefungwa. Moyo umeniuma kama ni ndugu yangu. Lakini dada, kura zilishapigwa kabla ya mechi ya kwanza ya mtoano, na zilipigwa kwa mechi 82. Mkulima aliyejaza ghala msimu mzima humwambii hakuvuna kwa sababu panya wameingia Mei. Mtoano una tuzo yake, Conn Smythe, na hiyo Hellebuyck hataikaribia. Sawa kabisa.

Kesho mechi ya saba. Tuombeane.

MwanaKigoma, 5 Mei 2025

Sijalala.

Tulikuwa kinyozi kwa rafiki yangu, watu kama kumi na watano, viti havitoshi. Dakika mbili zimebaki, St. Louis wanaongoza 3-1. Mzee mmoja wa Burundi akavaa koti lake, akashika kitasa cha mlango. Namestnikov akafunga, 3-2. Mzee akasimama pale pale mlangoni, mkono bado uko kwenye kitasa. Jets wamemtoa kipa, wanashambulia watu sita, saa inakimbia, zimebaki chini ya sekunde tatu, Perfetti! 3-3! Mashine ya kunyolea ilianguka chini na hakuna aliyeiokota. Yule kijana aliyekuwa kitini aliruka na shuka shingoni, nusu ya kichwa kimenyolewa, nusu bado.

Halafu muda wa nyongeza, halafu wa pili. Hapo ndipo nilipomwona tena yule Hellebuyck wa msimu. Kimya. Hatua moja, kifuani, glovu, filimbi. Kama angekosea mara moja tu, msimu umekwisha. Hakukosea. Adam Lowry akamaliza kazi, 4-3.

Dada, naomba uiweke na hii kwenye mizani yako.

Binti_Ngamiani, 5 Mei 2025

Naiweka. Niliitazama yote, na bao la Perfetti nilipiga kelele hata mimi. Hongera kaka.

BabaFuraha, 18 Mei 2025

MwanaKigoma, pole. Dallas wamewatoa jana, 2-1, muda wa nyongeza. Nimesoma kwamba Mark Scheifele alifiwa na baba yake usiku wa kuamkia mechi, na akavaa jezi akacheza, na bao pekee la Winnipeg ni lake. Mimi nilimzika baba yangu kwa simu, mwili ukiwa Lubumbashi na mimi nikiwa hapa. Nilimtazama yule kijana hadi mwisho, sikuweza kuzima.

MwanaKigoma, 18 Mei 2025

Asante mzee. Baada ya mechi wachezaji wa Dallas walipanga mstari kumpa mkono, na wengi walimkumbatia. Mji mzima umenyamaza leo.

Hellebuyck aliwazuia Dallas bila bao mechi mbili katika zile sita. Nalisema ili liandikwe mahali.

Barafu254, 13 Juni 2025

Wakuu, mmeona usiku wa kuamkia leo? Hart: CONNOR HELLEBUYCK. Na Vezina juu yake, ya tatu maishani. Kipa wa kwanza kupata Hart tangu Price. Kucherov kapata Ted Lindsay, kwa hiyo mimi nimeridhika nusu. MwanaKigoma uko wapi?

MwanaKigoma, 13 Juni 2025

Niko hapa. Niliposikia nilimwamsha mwanangu, ingawa kesho yake ni shule. Nikamwambia, yule uliyeuliza mbona wanamchomea mwilini, amepewa.

Sijui kama mnaelewa maana yake kwa mji kama huu. Winnipeg ni mji mdogo kati ya miji ya NHL, baridi yake inajulikana, wachezaji wengi wakipewa nafasi ya kuchagua hawauchagui. Huyu aliitwa wa 130 mwaka 2012, akapandia timu za chini, akabaki hapa. Alipopewa nafasi ya kusaini mkataba mrefu, akasaini.

Binti_Ngamiani, 13 Juni 2025

Hongera kaka, kwa dhati.

Na sasa nisikilizeni. Usiku ule ule uliotangazwa, Edmonton tulikuwa Florida, fainali, mechi ya nne, tumefungwa 3-0 katika kipindi cha kwanza. Tukarudi. Muda wa nyongeza, nani kafunga? Leon Draisaitl. 5-4. Ni bao lake la nne la muda wa nyongeza katika mtoano huu. Miaka yote ya NHL hakuna mwingine aliyewahi kufunga manne ndani ya mtoano mmoja. Mlimnyima tuzo saa chache kabla, naye akajibu kwenye barafu.

MwanaKigoma, 13 Juni 2025

Bao hilo nililiona na nikasimama. Kisahani alikisukuma kwa mkono mmoja huku beki kamng'ang'ania. Kama Edmonton watachukua kombe, Conn Smythe apewe yeye, na nitakuwa wa kwanza kuandika hapa.

Binti_Ngamiani, 18 Juni 2025

Florida wamechukua, mechi sita. Conn Smythe kapewa Sam Bennett, mabao 15 ya mtoano, na siwezi kubisha. Leon kaondoka na Rocket Richard peke yake baada ya msimu wa namna ile.

Kaka, nimesoma uzi wote tena leo kuanzia juu. Swali la Hart umenieleza vizuri na kipa sasa namkubali kwenye orodha. Lakini karatasi ingekuwa mkononi mwangu tarehe 18 Aprili, ningeandika Draisaitl wa kwanza, Hellebuyck wa pili, na hata leo ningeandika hivyo hivyo.

MwanaKigoma, 18 Juni 2025

Pointi 10 kwake na 7 kwa wangu. Nimeipokea, dada. Oktoba tutafungua uzi mwingine.